Kofi la Dakika ya Kumi na Nane

Ukitaka kumvunja mtu mkono, nunua karoti. Zisiwe changa, maana changa zinakatika kwa adabu mno. Chukua zile nene zilizokaa sokoni siku tatu, zimeanza kunywea, zifunge nane kwa pamoja ndani ya kitambaa kibichi, halafu uzikunje mbele ya maikrofoni kwa pumzi moja. Ndivyo alivyofanya Kishindo asubuhi ile ya Jumatatu, na kwenye skrini jambazi mmoja mwenye kidevu kikubwa akapiga yowe, mkono wake umegeukia upande ambao Mungu hakuupangia.

"Hapo sawa," ilisema sauti ya mama fundi mitambo kutoka nyuma ya kioo. "Sasa goti."

"Goti la nani? La huyu au la yule mwenye shoka?"

"La wote wawili, mzee wangu. Halafu kuna meno."

Kishindo akaguna, akaokota karoti nyingine. Jina hilo walimpa wenzake zamani, alipokuwa akitengeneza sauti za michezo ya redio, na likamganda hata mkewe akawa analitumia. Miaka zaidi ya thelathini kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kusimama kwenye chumba kisicho na dirisha, katikati ya viatu vibovu, masinia, minyororo na milango isiyokwenda popote, akiwapa watu wa kwenye picha sauti walizozikosa. Mvua aliwanyeshea kwa mchele. Farasi aliwakimbiza kwa vifuu. Na sasa, uzeeni, alikuwa anavunja watu.

Filamu yenyewe iliitwa Kisiki. Wenye umri wa kutosha walikikumbuka kile kitabu cha katuni kilichokuwa kikitoka kila mwisho wa mwezi, karatasi yake duni, wino wake ukibaki vidoleni. Kilikuwa kisa cha mwanamume aliyejifunika gunia usoni, matundu mawili tu ya macho, anayesimama kichochoroni bila kutikisika akiwasubiri wale ambao polisi wamewaachia. Kwenye kitabu aliwafunga kamba na kuwalaza mlangoni kwa polisi. Kwenye filamu aliwalaza tu, kamba ya nini? Ndiyo maendeleo hayo, jamani. Mwongozaji, kijana aliyetembea na miwani ya jua kichwani hata mvua ikinyesha, alikuwa na orodha yake: watu arobaini na mmoja wanapigwa, kumi na tisa wanakufa, na kila mmoja anataka sauti yake mwenyewe.

Sasa utauliza, mtu wa miaka sitini na mbili, mgongo unamlalamikia, alishatangaza kwamba anapumzika, alikwenda kutafuta nini huko? Si mapenzi ya sinema. Damu ile nyekundu ya kopo ilimchefua, na yule Kisiki mwenyewe alimwona mpumbavu tu mwenye misuli. Alikubali kwa sababu ya mwanawe.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, na mtoto huyo alikuwa hazungumzi naye. Hapana, nimekosea, alikuwa anazungumza naye, na hapo ndipo penye uchungu. Hakukuwa na ugomvi, wala matusi, wala mlango uliobamizwa. Kijana aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa, akasomea upimaji wa ardhi, akaajiriwa mji wa mbali, akaoa, na mara mbili tatu kwa mwaka alituma ujumbe kwenye simu: "Salama, baba. Nawe?" Ukishajibu "Salama", basi, mazungumzo yamekwisha. Kwenye maziko ya mama yake, miaka miwili iliyopita, alisimama ng'ambo ya kaburi, akamkumbatia shangazi yake, akampa baba mkono kama wanavyopeana watu wa ofisini, akaondoka na basi la alasiri. Alikuwa na binti wa miaka minne ambaye Kishindo alimwona kwenye simu ya dada yake tu.

Na nyumba ilivyokuwa kimya! Vyumba vitatu, mtu mmoja, sufuria moja. Watu wengine upweke wanauona kwa macho, lakini huyu aliusikia, maana masikio ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Alilijua jokofu linapoanza kuunguruma na linapoacha. Alijua ni wapi hasa kwenye sakafu ambapo ndara za marehemu mkewe zilikuwa zikiburuzika, kati ya chumbani na jikoni. Jumapili moja mchana, Mungu amsamehe, alizichukua zile ndara, akazivaa mikononi, akapiga magoti na kuzitembeza kutoka chumbani mpaka jikoni, kwa mwendo ule ule, na ule mguu wa kulia uliokuwa ukichelewa kidogo. Zilitoka sawasawa. Akabaki amepiga magoti pale jikoni, akalia mpaka akaona haya.

Basi aliposikia Kisiki kinafanywa filamu, alipiga simu mwenyewe kuomba kazi. Mwanawe alikipenda kitabu kile kufa na kupona. Utoto wake wote alikuwa na gunia la kichwani aliloshonewa na mama yake, anasimama nyuma ya milango kuwavizia wageni. Filamu hii asingeacha kuiona. Na akiiona atakaa gizani saa mbili nzima na baba yake masikioni, apende asipende. Hilo tu Kishindo aliona linatosha. Kisha akaletewa muswada wa filamu, akafika ukurasa wa ishirini, akausoma tena.

Pale dakika ya kumi na nane palikuwa na kofi. Kisiki, akiwa bado mtoto, anapigwa kofi na baba yake mbele za watu.

Kofi hilo Kishindo alilijua, kwa sababu na yeye alilipiga.

Mwanawe alikuwa na miaka kumi na mitatu, shule zimefungwa, mama yake hayupo, ikabidi aje naye studio. Walikuwa wanarekodi mchezo wa redio. Enzi hizo mnarekodi kwa mkupuo, waigizaji sita wamezunguka maikrofoni moja, mtu akikosea mnarudia kuanzia juu. Walikuwa wamesharudia mara tano. Mara ya sita wakafika kwenye kifo, mama anakata roho, chumba kizima kimya kama maji ya mtungi, na chini ya meza mtoto aliyekuwa amezama kwenye Kisiki chake akaangua kicheko.

"Huyu mtoto kaletwa na nani?" alifoka mkubwa wa studio.

Fedheha ilimpanda Kishindo kutoka miguuni. Hakuvua hata hedifoni. Alimvuta kijana kutoka chini ya meza, mkono ukaenda wenyewe, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa wazi, nusu hatua kutoka pale, kofi lile lilimrudia masikioni likiwa kubwa kuliko mlango wa benki unapobamizwa. Alilisikia lote, mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake. Waigizaji sita wakatazama sakafu. Mtoto hakulia. Aliokota kitabu chake akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje.

Kishindo hakuomba radhi. Baba wa enzi zile radhi yake ilikuwa viatu, na wiki iliyofuata akamnunulia viatu. Lakini tangu siku ile kijana alikuwa mwingine. Akawa mtu wa kujitenga, mtu wa majibu mafupi, yeye na mama yake upande mmoja wa nyumba, baba upande wa pili. Kishindo alikiita kiburi. Alikiita hivyo miaka sita mizima, mpaka kijana akafunga sanduku lake akaondoka.

Siku ya kurekodi kofi, mwongozaji alikuja mwenyewe na miwani yake kichwani. Kishindo alianza na kipande cha nyama ya ng'ombe juu ya ubao. Paa!

"Bomba!" alisema mwongozaji. "Twende mbele, tuna watu wa kuua kabla ya chakula cha mchana."

"Bado," alisema Kishindo.

"Mzee, limetoka safi kabisa."

"Halijatoka."

Akajaribu ngozi mbichi. Akajaribu paja lake mwenyewe. Mwongozaji akatazama saa, akacheka, akasema wazee wana mambo, akaondoka kwenda kupokea simu. Fundi mitambo hakucheka. Alikuwa amefanya kazi na Kishindo miaka tisa, na miaka yote tisa mzee huyu hakuwahi kubishana juu ya kitu kilichokwisha kukubaliwa.

Kishindo akavaa hedifoni. Akaishusha maikrofoni mpaka ikawa shubiri moja kutoka shavuni, akajipiga kofi. Akatikisa kichwa. Akajipiga la pili. Kufikia la kumi shavu lilikuwa limeshaiva, na fundi mitambo akabonyeza kitufe chake.

"Mzee wangu, inatosha. Unajiumiza."

"Bado kidogo tu, mama. Nivumilie."

La kumi na nne ndilo. Alilitambua papo hapo, jinsi mzazi anavyotambua kikohozi cha mwanawe katikati ya umati. Mwanzo ule, katikati ile, mwisho ule. Akavua hedifoni, akakaa kwenye kiti cha sauti za viti, ambacho kilikuwa kibovu kwa makusudi, kikalia chini yake. Fundi mitambo akaja na kitambaa cha maji baridi.

"Hili kofi ni la nani?" aliuliza.

"La kwangu," akajibu, akakibandika kitambaa shavuni.

Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha pale. Mifupa mingine yote ilikuwa ya mwongozaji, lakini kofi lilikuwa barua yake. Wengine wanajua kuandika, wengine wanajua kusema, yeye hakujaliwa. Mwanawe angekaa pale gizani, angelisikia lile lile, si linalofanana nalo, na angejua kwamba baba alilibeba miaka kumi na minane bila kupoteza hata chembe. Na mtu hawezi kukumbuka kitu namna ile kama hakijutii. Ndivyo alivyojiambia, na aliamini kabisa.

Tiketi ya siku ya uzinduzi alimpa dada yake aipeleke.

"Kaka, mpigie mwenyewe," alisema dada yake. "Simu unayo, kidole unacho."

"Mpelekee wewe. Wewe anakusikiliza."

"Nyinyi wanaume mtakuja kuzikwa na maneno yenu kooni, nawaambieni. Haya, nitampelekea."

Siku mbili baadaye akarudisha jibu: kijana amesema ataangalia nafasi.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi. Kishindo alivaa koti aliloolea. Kiti cha kulia kwake kilikuwa kitupu, na kila mlango ulipofunguka shingo yake iligeuka yenyewe. Taa zikazimwa, kiti kitupu. Mkono wa kwanza ukavunjika, na ukumbi ukalipuka.

"Mpe! Mpe mwingine!"

Yeye aliduwaa. Kila karoti aliyoikunja watu waliinuka. Bisi ziliruka. Mama mmoja mtu mzima, mkoba wa heshima mapajani, alikuwa akimwelekeza Kisiki pa kupiga: "La mbavu! Mwongeze la mbavu!" Watu wale wale, nina hakika, wangemkuta mtu amevunjika mkono kweli hapo nje wangefunika macho.

Ikafika dakika ya kumi na nane. Baba akainua mkono, na kofi likatua. Ukumbi mzima uliruka kwenye viti. Ukapita kimya, sekunde moja au mbili, kimya cha kweli, na Kishindo akafumba macho. Kisha kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Baba katisha!" na ukumbi ukaangua kicheko. Mwongozaji akageuka kutoka kiti cha mbele, akamwinulia kidole gumba. Kishindo akatazama kiti cha kulia kwake, ambacho alikuwa ameshakiwekea koti.

Wiki zilizofuata mji mzima ulikuwa na la kusema. Gazeti moja likaandika kwamba filamu ni sumu, jingine likaandika kwamba ni kilio cha wanyonge. Wazazi wakaandamana kidogo. Bodi ya ukaguzi ikapandisha umri wa kuitazama kutoka miaka kumi na sita hadi kumi na minane, na wa miaka kumi na minne ndiyo kwanza wakajaa. Magunia yakauzwa barabarani yakiwa yameshatobolewa. Halafu kwenye kituo kimoja cha mabasi wanaume watatu waliojifunika magunia wakampiga kijana aliyeshukiwa kuiba simu, wakamlaza hospitali, na simu ikaja kuonekana kwenye begi la mwenye simu. Mwongozaji aliulizwa kwenye televisheni. Akasema wao wanaonyesha tu, hawafundishi. Kishindo alizima televisheni ile kwa hasira, kisha akakumbuka kwamba mbavu za filamu hiyo alizivunja yeye, akakosa wa kumkasirikia.

Na kofi, ah, kofi! Mtu fulani asiye na kazi alilikata kutoka kwenye filamu akalisambaza kwenye simu. Mwanasiasa anaahidi barabara, paa! Golikipa anafungwa goli la kizembe, paa! Paka anajaribu kuruka kwenye meza anaanguka, paa! Watu wakaliweka kuwa mlio wa simu. Kishindo alikuwa kwa kinyozi, wembe shingoni, simu ya mteja wa pembeni ikalia, na kofi lake, lile lile, likamlipukia sikioni. Aliruka.

"Taratibu, mzee, nisije nikakuchinja!" kinyozi akacheka. "Hujaizoea tu hiyo? Sasa hivi kila mtu anayo."

Redio nayo ikamwita. Mtangazaji, mwenye furaha ya kulipwa, alimletea karoti avunje hewani, akavunja. "Na lile kofi, mzee wetu, lile kofi lililotikisa nchi! Siri yake nini?"

"Nyama," alijibu Kishindo. "Nyama ya ng'ombe."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa na aibu ambayo hakuweza kumwambia mtu, maana hata angesema, nani angeelewa? Barua aliyoiandika kwa shavu lake mwenyewe ilikuwa inasomwa kwenye baa na watu wanapigana vikumbo kwa kicheko. Na mwanawe, popote alipo, lazima alikuwa anaisikia hivyo hivyo, kila dakika, kwenye kila mfuko wa suruali. Ataelewa nini? Ataelewa kwamba baba yake amechukua siku mbaya kuliko zote za utoto wake na kuifanya kichekesho cha taifa. Mara tatu aliandika "Umeiona?" na mara tatu akafuta. Miezi ikapita. Hata ule ujumbe wa "Salama, baba" haukuja.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa. Yeye aliyejua sauti ya kila kitu hakuujua ugongaji ule. Akafungua, na mwanawe alikuwa amesimama kizingitini, kamshinda kimo, ana mfuko wa machungwa mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu... karibu ndani. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nina kazi ya kupima eneo huku, naondoka saa nane."

Wakakaa, meza katikati yao, wakitazamana. Kishindo akaandaa chai, akaimwaga nusu. Wakaulizana habari za mtoto, habari za safari, habari za mgongo. Maneno yote madogo yalipokwisha, kijana akakizungusha kikombe chake.

"Nimeiona filamu yako. Mara mbili."

"Si yangu. Mimi ni mifupa tu."

"Mara ya kwanza nilitoka pale kwenye kofi. Mara ya pili nikakaa." Kijana alikuwa hamtazami. "Lile kofi ni lile la studio?"

"Lile lile." "Nilitaka ujue kwamba sijalisahau. Sikutaka wacheke, mwanangu, Mungu ni shahidi wangu. Nililitengeneza kwa ajili yako. Hivyo ndivyo lilivyokuwa."

Kijana akatafakari, kama mtu anayepima kitu asije akakosea vipimo.

"Kumbe lilikuwa hivyo," alisema. "Nilikuwa sijui. Kila mtu ukumbini aliruka, na mimi ndiyo kwanza nalisikia."

"Kwanza vipi? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba. Niliona mkono unakuja. Halafu hakukuwa na kofi, kulikuwa na filimbi. Filimbi siku tatu, mchana na usiku. Ilipokwisha, huku hakukuwa na kitu tena." Akagusa sikio lake la kushoto kwa kidole, kawaida tu, kama mtu anayeonyesha kifungo kilichokatika. "Mpaka leo."

Mtu aliyejua kutoa sauti ya mvua, ya farasi, ya mifupa ya wafu kumi na tisa, hakupata hata mguno.

"Mama yako..." alisema mwishowe.

"Mama alinipeleka kwa daktari wa masikio. Nilimwapisha asikwambie."

"Kwa nini? Kwa nini, mwanangu?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kazi yako ni masikio. Nilidhani ukijua utashindwa kuifanya, na tutakula nini?" Kijana akatabasamu kidogo, tabasamu la mama yake hasa. "Baadaye ikawa imechelewa kusema. Na nilichoka kujifanya nasikia. Kila siku mezani unaniita, sikusikii, unakasirika. Kule ninakoishi watu wote wanajua upande wa kukaa."

Akainuka, pengine kwa kumhurumia mzee, akaenda ukutani ilipotundikwa picha ya mama yake, akasimama kuitazama, mikono nyuma.

Kishindo alibaki kwenye kiti chake. Miaka kumi na minane alikuwa amelihifadhi kofi lile kama mali, akalitunza, akalirudia mara kumi na nne mpaka likatoka sawasawa, na kumbe alichokihifadhi ni sehemu yake yeye, ya mpigaji, kutoka kwenye hedifoni za mpigaji. Sehemu ya mtoto hakuwahi hata kuiuliza. Alishika meza akainuka. Akamfuata mwanawe kwa nyuma, akasimama begani kwake, na kwa sauti ile aliyoizoea, sauti ya chini ya mtu aliyetumia maisha yake mahali ambapo hata pumzi inarekodiwa, akasema neno ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote.

"Nisamehe."

Kijana hakugeuka. Aliendelea kuitazama picha, uso mtulivu, kama hakuna aliyesema kitu. Na Kishindo, hata pale, hata baada ya yote aliyoambiwa, alihisi joto lile la zamani likimpanda kifuani: namwambia na hajibu! Lilifika mpaka kooni. Kisha akaona amesimama wapi. Alikuwa upande wa kushoto.

Wakamjia wote kwa pamoja, mtoto aliyekuwa akiitwa mezani hageuki, mtoto aliyekuwa akitumwa dukani anabaki amekaa, mtoto aliyetukanwa kwamba ana kiburi akiwa ameinamia sahani yake, anasubiri aone midomo ya baba ili ajue ameambiwa nini. Miaka sita kila siku. Kofi lilikuwa moja tu, la siku moja, na hilo ndilo alilokuwa akilijutia.

Akazunguka nyuma ya mwanawe, polepole, akishika ukuta, mpaka akafika upande wa kulia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akajaza kifua pumzi.

"Nisamehe!" alipaza sauti, mpaka jirani akanyamazisha redio yake. "Mwanangu, nisamehe!"

Kijana akashtuka, akageuka, akamshika baba yake mkono.

"Usipige kelele, baba," alisema. "Upande huu nasikia."